Nywele na machozi ya Pele kwa shira na chupa: shajara ya mradi, Tanga

Naandika shajara hii kwa mwalimu yeyote wa jiografia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi volkano inavyotengeneza nyuzi na matone ya kioo, naye hana volkano. Sisi Tanga hatuna. Milima ya Usambara ni miamba ya kale iliyonyanyuliwa na mipasuko ya ardhi, mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa, na maji ya kiberiti ya Galanos hayatoi lava hata kijiko. Tulichonacho ni sukari, mkaa na mafundi. Kila hatua ikikamilika nitaongeza maelezo. Yaliyokwenda vizuri nitayapita haraka.

2 Februari 2025: tunachotaka kuonyesha

Pele ni mungu wa kike wa volkano katika imani ya wenyeji wa Hawaii. Lava ya Kilauea, volkano ya huko Hawaii, hutoka ikiwa na joto la takriban nyuzijoto 1,150. Inaporushwa juu kwa nguvu ya gesi, sehemu yake huvutika na kuganda hewani kabla chembe zake hazijapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, ikawa kioo. Ikiganda kama uzi huitwa nywele za Pele: rangi ya dhahabu, unene kuanzia maikromita moja (sehemu moja ya elfu ya milimita) hadi mia tatu hivi, kwa kawaida urefu wa sentimita chache lakini nyingine hufika mita mbili. Ikiganda kama tone huitwa machozi ya Pele: meusi, yanang'aa, ukubwa wa milimita chache hadi sentimita moja au zaidi. Mara nyingi chozi hukutwa limening'inia kwenye ncha ya unywele.

Si jambo la Hawaii pekee. Nywele hizi hupatikana Erta Ale kule Ethiopia, Nyiragongo kule Kongo, Piton de la Fournaise kisiwani Réunion, Etna kule Italia na Masaya kule Nikaragua. Iceland wana jina lao wenyewe, wanaziita nywele za wachawi.

Maelezo ya kawaida ni kwamba upepo huivuta lava mpaka ikawa uzi. Mimi hayanitoshi. Kama ni upepo tu, mbona lava ileile, siku ileile, inatoa nywele na machozi pamoja? Mradi huu ni wa kujibu swali hilo kwa macho, na chombo chetu ni shira. Sukari iliyopikwa ikakolea, kisha ikapoa haraka, haigandi kwa fuwele. Inakuwa kioo. Gubiti tunayotafuna ni kioo.

8 Februari: shira yafanya punje

Tulipika sukari kilo moja kwa maji vikombe viwili juu ya jiko la mkaa. Wanafunzi wakawa wanakoroga kwa zamu, kila mmoja anataka mkono wake uhesabiwe. Ilipofika nyuzijoto 140 ikageuka ghafla: ikawa nyeupe, nzito, imejaa punje, haivutiki.

Shangazi yangu wa Chumbageni, anayeuza visheti na gubiti, alicheka alipoona sufuria. "Mwanangu, shira haikorogwi. Ukishaikoroga umeiita sukari irudi." Alitupa masharti mawili. Kwanza, punje zinazoshika ukingoni mwa sufuria zifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu punje moja ikidondoka ndani inazaa nyingine. Pili, ikamuliwe ndimu kidogo. Asidi ya ndimu huvunja sehemu ya sukari ikawa sukari ndogo zaidi za aina mbili, na mchanganyiko huo hauna urahisi wa kujipanga kuwa fuwele.

Sufuria iliyoharibika hatukuitupa, na kwa kweli imekuwa somo zuri kuliko nilivyopanga. Lava ikipoa taratibu inafanya vivyo hivyo: chembe zinapata muda wa kujipanga, fuwele zinakua, unapata mwamba wa kawaida wa basalti, mzito na usio na mng'ao. Ikipoa kwa sehemu ya sekunde, chembe zinakamatwa zilipo. Sasa nina vipande viwili vya sukari ileile, kimoja cheupe chenye punje na kimoja ambacho unaweza kusomea gazeti kupitia ndani yake.

Gharama: kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzijoto 300, TSh 28,000. Ni ghali, lakini bila hicho kila kitu kilichobaki hapa chini kisingewezekana.

16 Februari: draya

Wazo lilikuwa kumimina shira kutoka kwenye kijiko huku draya ya saluni (ya kuazima) ikiipuliza kutoka ubavuni, kama chemchemi ya lava iliyokatwa na upepo. Matokeo: matone matupu kwenye sinia. Hakuna uzi hata mmoja uliobaki. Tuliusogeza mdomo wa draya mbele na nyuma, tukapunguza mmimino, wapi.

Anayetaka kuiga ajue kwamba sababu ilikuwa ndogo: draya ilikuwa inapuliza hewa ya moto. Kwenye video ya simu iliyopunguzwa kasi ilionekana wazi. Nyuzi zilikuwa zinatengenezwa, nzuri kabisa, halafu zinavimba hapa na pale, zinakatika, kila kipande kinajikusanya kuwa shanga. Tulipobonyeza kitufe cha hewa baridi, kwa shira ileile na kijiko kilekile, nyuzi zikabaki.

Hapo ndipo jibu la swali langu lilipoanza kuonekana. Kila kimiminika kina mvutano wa uso unaokivuta kuwa mviringo. Mbelgiji Joseph Plateau alionyesha katika karne ya 19 kwamba nguzo ya kimiminika haiwezi kutulia ikiwa urefu wake umezidi mzingo wake. Lazima ijikate iwe matone. Kwa hiyo uzi wowote wa lava, tangu unapozaliwa, unaelekea kuwa machozi. Vinavyouokoa ni viwili: mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, unaochelewesha kukatika, na baridi, inayougandisha kabla haujakatika. Upepo husaidia kuvuta na kupoza. Hauamui peke yake.

Mjapani Daisuke Shimozuru aliliandikia suala hili mwaka 1994. Alipambanisha kasi ya kurushwa kwa magma na mnato kwa upande mmoja, na mvutano wa uso kwa upande wa pili. Kasi ikiwa kubwa zinatoka nywele, ikiwa ndogo yanatoka machozi. Tulijaribu kwa mkono. Kijiko kikiinuliwa polepole, matone. Uma ukipepetwa kwa nguvu juu ya njiti za chelewa tulizolaza kati ya viti viwili, nywele tele. Kile cha waya cha kupigia mayai, kilichokatwa ncha, ni bora kuliko uma.

Mwanafunzi mmoja alisema nyuzi ni kama mkonge. Nilimwambia afikirie tena. Singa za mkonge zimo ndani ya jani tangu likiwa shambani, mashine inakwangua tu nyama iliyozizunguka. Ndani ya lava hakuna uzi wowote unaosubiri kutolewa.

23 Februari: joto gani, mnato gani

Tulimimina shira ileile katika viwango tofauti vya joto, kimo kilekile, hewa baridi ileile. Nayaandika kwa ufupi kwa sababu kazi yenyewe inachosha. Iliyoishia nyuzijoto 120 haifai, bado ina maji mengi na haigandi kuwa kioo. Iliyopikwa hadi 155 na kumiminwa ikiwa bado ya moto hivyo hutoa matone yenye mikia mifupi. Ukiiacha ipoe mpaka 125 hivi ndipo uziuzi unaanza. Kwenye 110 hutoa nyuzi ndefu zisizo na tone lolote. Chini ya hapo haitiririki, inaning'inia.

Cha kuvutia zaidi kipo katikati. Karibu na 125 tone linatangulia kuanguka, mkia wake unanyooka nyuma, tone linaganda baadaye kwa kuwa ni nene, mkia unaganda kwanza kwa kuwa ni mwembamba. Hilo ndilo chozi lenye unywele. Ukiona moja likitokea kwenye video huhitaji tena kumweleza mtu kwa maneno.

9 Machi: unyevu

Ramadhani imeingia, kwa hiyo kazi ya sukari tunaifanya baada ya futari. Kupika shira mbele ya watu waliofunga ni ukatili. Shangazi naye jiko lake limeshikwa na maagizo ya visheti, tumehamia kwangu.

Tatizo la mwezi huu ni hewa ya Tanga. Nyuzi zilizotoka safi saa tatu usiku, saa nne zilikuwa zimelegea, asubuhi zimekuwa ute chini ya sinia. Sukari hunywa maji ya hewani, na uzi mwembamba una uso mkubwa kuliko ujazo wake. Mvua za masika zikikaribia hali inakuwa mbaya zaidi.

Mchele mkavu ndani ya dishi lenye kifuniko haukusaidia vya kutosha. Kilichosaidia ni vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu. Muuza viatu mmoja alitupa mfuko mzima bure. Vilivyokwisha kunywa unyevu unamwaga punje zake kwenye kikaango, unazipasha kwa moto mdogo, zinarudi kazini. Pamoja na hilo, tulipunguza ndimu. Zile sukari ndogo zinazozuia punje ndizo zinazopenda maji zaidi, kwa hiyo ndimu nyingi inakukinga na balaa moja na kukuingiza kwenye jingine. Nusu kijiko cha chai kwa kilo moja kinatosha. Na pika hadi 160 badala ya 150, maji yanayobaki ndani yatakuwa machache.

Nyuzi sasa zinadumu kwenye dishi zaidi ya wiki. Nywele halisi za Pele hazina shida hii, basalti haiyeyuki kwa umande. Ndiyo maana ni kero kwa watu: upepo huzibeba kilomita nyingi, zinatua juu ya mapaa, zinaingia kwenye matangi ya maji ya mvua, zinachoma ngozi na kuwasha macho. Sisi tunaovuna maji ya paa kwenye simtanki tunaelewa haraka ubaya wake.

22 Machi: povu la magadi

Hatua fupi. Kijiko cha magadi soda ndani ya shira ya 150, koroga mara moja (hapa kukoroga kunaruhusiwa), mimina. Inavimba na kuganda kuwa sponji ya kioo. Ni mfano wa retikulaiti, povu la lava ambalo zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake ni matundu, nalo huanguka kutoka kwenye chemchemi zilezile zinazotoa nywele.

Magadi yalizua swali nililokuwa nikilisubiri: je, Ol Doinyo Lengai yetu inatoa nywele za Pele? Jibu ni kwamba lava yake ni ya ukoo mwingine kabisa. Ni ya kabonati ya sodiamu na kalsiamu, karibu haina silika, hutoka kwenye nyuzijoto 500 hadi 600 tu, nyeusi na nyepesi kama maji ya matope, kisha hubadilika kuwa nyeupe ikipata unyevu. Silika ndiyo inayojenga mtandao wa kioo. Bila hiyo lava inakimbilia fuwele. Mojawapo ya madini yake linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Darasa zima lililifurahia hilo kuliko shira.

12 Aprili: chupa kwa fundi chuma

Sukari ni mfano, nilitaka kioo chenyewe. Fundi mmoja wa Ngamiani ana tanuri la mkaa lenye feni ya kupulizia, ingawa mivukuto ya zamani bado anayo ukutani. Tuliponda chupa za bia za kahawia tukaziweka kwenye kipande cha bomba nene la chuma kilichochomelewa kitako. Kabla ya hapo tulitumia chungu cha udongo. Kilipasuka, kioo kikamwagikia makaa, na kukitoa ilikuwa kazi ya kutwa. Anayeiga asianze na chungu.

Kioo kilipokuwa chekundu cha kuelekea njano, fundi alichovya nondo nyembamba akavuta. Uzi ulitoka mrefu kuliko karakana. Kisha tukamimina mbele ya hewa ya kompresa ya kujazia matairi. Nywele nyingi mno, kama sufi ya kuwekea dari. Machozi? Hakuna. Tukaongeza hewa, tukapunguza, tukamimina kutoka juu zaidi. Nywele tu.

"Mwalimu, hii chupa yako haina machozi," fundi akasema. "Labda haijafiwa."

Tofauti ni silika. Kioo cha chupa kina silika asilimia 70 na kitu, basalti ina 50 hivi. Kwenye joto la tanuri letu, nadhani karibu 1,000 kwa rangi yake, kioo cha chupa kina mnato zaidi ya mara kumi ya lava ya Kilauea. Uzi wa lava hujikusanya haraka. Wa chupa, wa unene uleule, unahitaji zaidi ya mara kumi ya muda huo, na hapo umeshaganda zamani.

26 Aprili: dawa

Dawa ilikuwa magadi tena. Sodiamu hukata mtandao wa silika na kulainisha kioo, watengeneza kioo wamelijua hilo tangu zamani za Misri. Tuliongeza magadi kwenye vigae vilivyopondwa, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, tukaacha yachemke hadi mapovu ya gesi yaishe. Ukimimina kabla mapovu hayajaisha yanakurukia. Safari hii hewa ya kompresa ilitoa vyote viwili: nyuzi fupi zaidi na shanga ndogo nyingi, baadhi zikiwa na mikia.

Kuna zawadi ambayo hatukuitafuta. Shanga zilitoka za kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, lakini nyuzi za kioo kilekile zilikuwa karibu hazina rangi. Ni unene tu. Mwanga ukipita njia ndefu ndani ya kioo chenye chuma unamezwa, ukipita njia fupi unatoka. Ndiyo maana machozi ya Pele ni meusi na nywele ni za dhahabu ilhali ni lava moja.

Kasoro ya kioo cha magadi mengi: kinashambuliwa na unyevu. Baada ya majuma machache nyuzi zilipata ukungu mweupe. Zihifadhi pamoja na zile za sukari.

Usalama, bila mjadala: miwani ya kufunga pande zote, barakoa, mikono mirefu, na wanafunzi wakae mita kadhaa mbali, upande upepo unakotoka. Nyuzi za kioo zilizoingia vidoleni huzioni, unazisikia tu, kwa siku kadhaa. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, usifagie.

17 Mei: kupima unene

Mikromita ya maabara, kile kifaa cha kubana kitu na kupima unene wake, inazivunja nyuzi. Tulitumia taa ya leza nyekundu ya TSh 5,000. Uzi umebandikwa kwenye fremu ya karatasi, leza inaupiga, na ukutani mita 3 mbele unatokea mstari wa madoa ya mwanga na giza. Unene ni urefu wa wimbi la mwanga (nanomita 650) mara umbali wa ukuta, gawanya kwa nafasi kati ya sehemu mbili za giza. Uzi mmoja wa chupa ulitupa nafasi ya sentimita 3.9, na hesabu ikatoa unene wa milimita 0.05. Huo ungeingia vizuri miongoni mwa nywele za Hawaii. Nyuzi za sukari zilikuwa nene zaidi na hazilingani. Fanyeni usiku au zibeni madirisha, mchana hamtaona kitu.

14 Juni: sanduku na hesabu

Sanduku la vioo lenye vyumba vitatu limekamilika: sukari yenye punje, sukari ya kioo (nywele, machozi, povu), na kioo cha chupa. Pembeni kuna simu kuukuu inayozungusha video ya chozi lenye unywele, na picha za Kilauea. Huko mlipuko ulioanza 23 Desemba 2024 uliendelea kwa vipindi mwaka 2025, na kufikia Juni chemchemi za lava zilikuwa zimevuka mita 300, ingawa hazikuwa zimefikia zile za Kilauea Iki, kreta ya jirani, za mwaka 1959 zilizokaribia mita 580.

Matumizi yote: kipimajoto TSh 28,000, sukari kilo tano TSh 15,500 (ilipanda mwezi wa mfungo), ndimu na magadi TSh 1,500, miwani minne TSh 24,000, mkaa na ujira wa fundi TSh 30,000, leza TSh 5,000, sanduku TSh 18,000. Jumla TSh 122,000. Draya na kompresa ni za kuazima. Hatua za sukari peke yake zilitugharimu chini ya TSh 50,000, na zaidi ya nusu ya hiyo ilikuwa kipimajoto.

Kilichobaki ni kuyeyusha basalti halisi. Kuna mtu wa Moshi ameahidi kuleta mawe kwa basi. Fundi ameshalipima bomba letu, anasema kwa joto la 1,200 kitako chake hakitavumilia, anataka chuma kinene zaidi na gunia zima la mkaa. Tunapatana bei.